Ubao wa Macondo: shajara ya kulifukuzia jina tukiwa Kigoma

14 Septemba 2024

Chumba chetu cha kusomea kiko Mwanga, Kigoma mjini: sebule ya nyumba ya urithi, mabenchi manane, kabati moja lisilofungika. Vijana wanakuja Jumamosi. Tumemaliza Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na kama kawaida mjadala ukaanzia kwenye jina. Hilo halikutusumbua. Sadiki, ukaongeza -ik-, ukapata jambo linaloweza kusadikiwa. Kisha mwandishi anaichukua nchi hiyo ya kusadikika na kuiweka angani, ambako hakuna wa kwenda kuhakikisha. Kejeli imekaa ndani ya kitenzi chenyewe. Nikawatajia na Utopia ya Thomas More wa Uingereza, ya mwaka 1516: kwa Kigiriki "ou" ni kukanusha, "topos" ni mahali. Mahali pasipokuwapo. Wakacheka.

Hapo binti mmoja wa kidato cha nne akauliza kuhusu Macondo, mji wa kubuni wa mwandishi Gabriel García Márquez wa Colombia, kwa kuwa nilikuwa nimewasimulia riwaya yake ya mwaka 1967, Cien años de soledad. "Mwalimu, na Macondo maana yake nini?"

Nikajibu bila kupepesa: "Hilo limetoka hapa hapa kwetu. Ni Makonde."

Uso wa darasa ukang'aa, na mimi nikang'aa zaidi. Tukaamua kutengeneza ubao mkubwa wa ramani ukutani, wenye uzi unaotoka Tanzania hadi Colombia, ili kila anayeingia aone jina lilivyosafiri. Naandika shajara hii kwa ajili ya walimu wengine wenye chumba kama chetu. Yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka. Makosa ndiyo yatakayochukua nafasi, maana ndiyo yaliyokula hela.

21 Septemba

Vifaa: plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, unene milimita 6, Sh 32,000. Andakoti lita moja, 11,000. Rangi ya mafuta makopo madogo matatu (bluu, njano, nyeusi), 18,000. Brashi tatu, 4,500. Misumari midogo, 1,500.

Ramani tuliichora kwa njia ya miraba: unachora miraba juu ya ramani ya atlasi, unachora mingine mikubwa kwenye ubao, unahamisha mstari mraba kwa mraba. Vijana wawili walimaliza kwa siku moja. Angalizo moja tu: penseli laini hufutika mkono ukipita juu yake, kwa hiyo anzeni juu mkishuka.

28 Septemba

Tumepaka bahari, tumepaka nchi. Juu kabisa nikaandika mwenyewe, kwa herufi nyeusi za urefu wa shubiri: MACONDO = MAKONDE. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Kabila la wahamaji wa Tanganyika lililompa jina mwandishi mkubwa." Mwandiko ulitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye simu niwe naitazama.

Sikulitoa hewani. Katika kumbukumbu za maisha yake, Vivir para contarla, zilizotoka mwaka 2002, García Márquez anasimulia kwamba alikuta katika Encyclopaedia Britannica kuwa Tanganyika kuna watu wa kuhamahama, Wamakonde, akadhani huenda jina lilianzia huko. Mimi nilichukua "akadhani huenda" nikaigeuza alama ya sawasawa. Alama yenyewe ni vistari viwili tu vya brashi, lakini ni rangi ya mafuta hiyo.

5 Oktoba

Aibu ilinijia kwa milango miwili.

Wa kwanza ni yule binti. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, akasema kwa adabu, "Mwalimu, samahani. Mbona Wamakonde wana e, na Macondo ina o?" Nikamwambia majina hubadilika yakivuka bahari. Akaitikia, lakini uso ulikataa.

Wa pili ni jirani yangu, Mmakonde wa Newala aliyehamia huku kikazi. Aliingia kuomba ngazi, akasoma ubao, akaweka ngazi chini. "Wahamaji? Nani anahamahama, bwana? Babu yangu kazikwa Newala, na baba wa babu yangu kazikwa Newala. Sisi tunalima na kuchonga. Au umetuchanganya na Wamang'ati?" Alikuwa anatania, lakini siyo kwa utani tu.

Usiku nikakaa na daftari nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kununua plaiwudi. Wamakonde wako kusini mashariki kabisa, kwenye uwanda wa juu wa Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Wanatazama Bahari ya Hindi. Colombia ilipokea Waafrika kwa mlango wa Cartagena, bandari kubwa ya watumwa ya Wahispania, na meli za karne ya 16 na ya 17 zilizoshusha watu pale zilitoka zaidi pwani ya magharibi: Guinea, Kongo, Angola. Kumtoa mtu Newala hadi Cartagena zama zile ni safari ya kulizunguka bara zima. Haishindikani, ila njia fupi zaidi ilikuwapo, na mimi sikuitafuta kwa sababu ile ya kwanza ilinisifia nchi yangu.

Ufanyapo ubao wa asili ya jina, lichunguze kwanza lile jibu linalokupendeza.

12 Oktoba

Kufuta. Nilijaribu thina (Sh 4,000) kwa kitambaa. Kosa jingine: herufi hazikutoka, zilisambaa, anga la kaskazini mwa Atlantiki likawa kijivu kama moshi wa dagaa. Mkitaka kufuta rangi ya mafuta iliyokauka juu ya plaiwudi, acheni thina. Chukueni msasa, anzeni na ule mkali kisha malizieni na laini, mkisugua kufuata mistari ya mbao. Misasa minne, 4,000. Tulisugua saa tatu kwa zamu. Plaiwudi ya milimita 6 ina ngozi nyembamba, na mahali pamoja karibu na Ureno tulifika tabaka la pili. Andakoti iliyobaki ilitosha kufunika, ila kopo jingine la bluu lilinunuliwa: 6,000.

Safari hii juu hatukuandika chochote. Tuliacha kipande cheupe.

19 Oktoba

Siku njema kuliko zote.

Kibirizi, pale zinapotia nanga boti za mizigo, kuna mzee Mkongomani anayekaa kwenye kibanda cha kuuza kahawa. Alizaliwa Matadi, karibu na mdomo wa Mto Kongo, akafanya kazi ya reli hadi Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vita vikamvusha ziwa. Kiswahili chake amekipata Kalemie; lugha ya mama ni Kikongo. Nilimwamkia shikamoo, akacheka kama kawaida yake, maana anasema Kigoma imemzeesha kwa salamu hiyo. Nikamwonyesha neno kwenye karatasi, sikumwambia lolote. Makondo.

"Mwalimu, hiyo neno mi najua tangu mutoto. Ni ndizi! Ile ya kupika. Moja ni dinkondo, mingi ni mankondo. Wengine wanasemaka makondo."

Mama muuza ndizi wa Kasulu aliyekuwa pembeni akadakia kwamba kwao Buha ni ibitoke, na akaanza kubishana na mzee kuhusu ndizi ipi hasa inastahili jina. Niliwaacha wabishane nikanywa kahawa ya pili.

Ndizi! Nikarudi nyumbani na bando la Sh 10,000, nikakuta kwamba njia hiyo imekwisha kupitiwa na wengine. Mwaka 1971 mwanaisimu Mhispania Germán de Granda aliandika makala nzima kuonyesha kwamba Macondo ni jina la mmea lenye asili ya Kibantu: likondo kwa umoja, makondo kwa wingi. Na Kikongo hakikuishia baharini. Si mbali na Cartagena kuna San Basilio de Palenque, mji ulioanzishwa na watumwa waliotoroka, na lugha yao hadi leo ni Kihispania kilichochanganyika na maneno ya Kikongo. Njia fupi ilikuwa hiyo.

Jumamosi ile ile tuliligeuza somo la sarufi, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa msemaji wa Kiswahili mbele ya jina hili. Ma- yetu ni ya wingi wa vitu: tunda, matunda, jani, majani. Li- na ma- za makondo ni ndugu wa damu wa ji- na ma- zetu. Katika "Makonde" hiyo ma- imeganda, haitoki: tunasema Mmakonde, Wamakonde, tunaweka kiambishi cha watu juu yake. Mtoto wa Mwanga anaweza kuipasua makondo kwa kisu cha sarufi bila kufungua kamusi. Yule binti alitikisa kichwa, safari hii kwa kukubali. O yake ilipata mwenyewe.

Kijana mmoja akanung'unika kwamba mji mkubwa namna ile kuitwa "Ndizi" ni kushushwa hadhi. Nikamkumbusha Tabora. Wazee wa Unyamwezi husimulia kwamba jina hilo lilitokana na matoborwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Kama mji wa Wanyamwezi, wenye stesheni inayogawa reli ya Mwanza na ya Kigoma, unaweza kubeba jina la viazi, Macondo haiwezi kushindwa na ndizi. Tena katika riwaya ile ndizi si kitu kidogo. Kampuni ya ndizi ya kigeni inaingia Macondo, mji unavimba, wafanyakazi wanagoma, wanapigwa risasi. Mwandishi aliyachota ya kwao: mwezi Desemba 1928, huko Ciénaga, jeshi liliwafyatulia risasi wafanyakazi wa United Fruit Company waliokuwa wamegoma.

2 Novemba

Mvua zimeanza, ubao umepinda.

Tuliuegemeza barazani rangi ikauke. Unyevu ukaingia kwa nyuma, upande ambao hatukuupaka, na asubuhi ubao umefura katikati kama tanga la mtumbwi. Brazili imetokeza mbele, Kongo imerudi nyuma. Fundi seremala aliuangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulipaka upande mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema plaiwudi ipakwe pande zote mbili au ipigwe fremu kabla ya rangi, na kama una akili fanya yote mawili.

Tuliulaza chini siku nne na matofali juu, jua likiwepo. Kisha fremu ya mbao na vibanzi viwili vya katikati: mbao 14,000, fundi 10,000. Haikunyooka kabisa. Ukisimama karibu na mlango unaona Atlantiki ina mgongo. Tumeizoea.

10 Novemba

Nyuzi. Nilinunua uzi wa sufi wa kufumia, rangi tatu, 4,500. Ulipendeza siku mbili. Siku ya tatu umelegea kwa unyevu, wa Matadi hadi Cartagena ukaning'inia mpaka Namibia.

Jibu lilikuwa ufukweni siku zote. Wavuvi wa Katonga walinipa vipande vya uzi wa nyavu, nailoni, usiolegea wala kunywa maji. Bei: soda mbili, 2,000. Tatizo ni kwamba uzi wa nyavu haukupatikana kwa rangi nilizozitaka. Nilipata kijani, buluu na mweupe. Kwa hiyo maelezo ya rangi yakapangwa upya kufuata ulichotoa mtumbwi: kijani ni njia ya ndizi, mweupe ni njia ya Wamakonde, na buluu ikakaa bila kazi kwa karibu wiki mbili.

Ndiyo, njia ya Wamakonde tumeiacha ubaoni. Tulibishana. Mimi nilitaka kuitoa kwa sababu ilikuwa imeniaibisha. Vijana wakasema mwandishi mwenyewe aliidhania, kwa hiyo ni sehemu ya hadithi ya jina hata kama si asili yake. Walinishinda. Uzi mweupe tumeufunga kwa mafundo mafundo, na karatasi yake inaanza na neno "Alidhani".

16 Novemba

Karatasi za maelezo, A3, zenye rangi na kulaminetiwa, Sh 1,500 moja. Nilichapisha tano za kwanza nikazitupa zote. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

García Márquez anasema pia kwamba kabla ya habari za Tanganyika alikuwa ameona katika ensaiklopidia kuwa macondo ni mti wa nchi za joto, unaofanana na ceiba, usio na maua wala matunda, mbao zake nyepesi zinachongwa mitumbwi na vyombo vya jikoni. Ceiba ni ndugu wa msufi wetu, ule wa pamba za mito. Nikafurahi: mtumbwi! Nikaandika karatasi tano za njia ya mti, nikamtaja mti usiochanua, nikapeleka kuchapisha. Nilipozirudisha ndipo nikakaa kuusoma mti wenyewe. Jina lake la kisayansi ni Cavanillesia platanifolia, uko ukoo mmoja na mbuyu na msufi, na unachanua vizuri tu. Matunda yake yana mabawa, yanapeperuka na upepo.

Kwa hiyo vitabu vikubwa vilimpa mwandishi mambo mawili kuhusu jina lake, mti usiozaa na watu wasiotulia, na yote mawili hayako hivyo. Sh 7,500 zimekwenda na karatasi, ila sentensi hiyo niliipenda nikaitia kwenye karatasi mpya. Mti tumeuweka chini ya uzi wa kijani pamoja na ndizi, kwa kuwa hata huo ni mmea, na haukuhitaji uzi wake.

23 Novemba

Uzi wa buluu umepata kazi.

Nilikwenda stesheni kumpokea mgeni, gari moshi likachelewa, kama desturi. Stesheni ya Kigoma ni mwisho wa reli. Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1914, na mbele ya hapo ni maji. Nikakaa kwenye benchi nikitazama kibao chenye jina la stesheni, kile kinachosomwa na kila abiria hata asiyeshuka. Nikagundua kuwa wiki zote kumi tumekuwa tukiliuliza jina limetoka kwa nani, wala hatujaonyesha mwandishi alilipata wapi, ilhali kaliandika wazi.

Alilipata garini. Anasimulia safari na mama yake kwenda kuuza nyumba ya babu huko Aracataca, mji alikozaliwa. Treni ilisimama kwenye stesheni isiyo na mji, kisha ikapita shamba la ndizi lenye jina limeandikwa juu ya geti: Macondo. Neno hilo lilikuwa limemvuta tangu utoto, akisafiri na babu yake. Hakumsikia mtu akilitamka, hakuuliza maana yake, na alikuwa amekwisha kulitumia katika vitabu vitatu alipokutana na ule mti kwenye ensaiklopidia. Kwanza sauti, baadaye maana, kinyume kabisa na Shaaban Robert, aliyeanza na maana ndipo akapata nchi.

Na shamba lile lilikuwa la ndizi. Aliyelipa jina huenda alijua alichokuwa akikisema, kwa Kikongo cha babu zake au kwa mti uliosimama getini. Mwandishi yeye aliona herufi tu, zikipita dirishani.

Tulipanga upya ubao siku ile ile. Uzi wa buluu ni mfupi kupita yote, kama kidole kimoja, kutoka Aracataca hadi shamba la jirani. Ndio uliofungwa kwa msumari mkubwa. Pale juu palipobaki peupe, fundi alitupa kipande cha mbao cha bure, tukaandika MACONDO bila alama ya sawasawa, tukakining'iniza kwa minyororo miwili kama kibao cha geti.

Kuna la kuongeza lililowafurahisha vijana: mwaka 2006 watu wa Aracataca waliitwa kupiga kura ili mji wao uongezewe jina la Macondo. Waliojitokeza hawakufika idadi iliyotakiwa, hoja ikafa. Binti wetu wa kidato cha nne akasema yeye angekuwa kule angebaki nyumbani pia: nani anataka kuhamia kwenye riwaya ambayo mji wake unafutwa na upepo ukurasa wa mwisho?

7 Desemba

Ubao umetundikwa. Karatasi nzuri ni saba, zote pamoja na zilizotupwa 18,000. Bajaji za kubeba mbao na kurudi, 6,000. Jumla ya mradi ni Sh 145,500. Katika hizo, 26,000 ni bei ya haraka yangu: msasa, thina, kopo la bluu la pili, sufi, na karatasi za mti usiochanua. Fremu siihesabu humo, ingehitajika tu, ila ingekuja kabla ya rangi.

Atakayeiga: pakeni pande zote mbili, tumieni uzi wa nyavu, na herufi kubwa za juu ziandikwe siku ya mwisho.

Mzee wa Kibirizi alikuja na bajaji, akaufuata uzi wa kijani kwa kidole kutoka Matadi, akavuka bahari polepole, akafika Cartagena, akasema, "Mbali." Kisha akaomba kiti.

Jirani yangu wa Newala alikuja jioni kurudisha ngazi. Sikumwona akifanya, lakini asubuhi nilikuta maandishi ya penseli kusini mashariki mwa Tanzania, pale uzi mweupe unapoanzia: "Hapa hatuhami." Fundi aliuliza kama apige vanishi leo. Nimemwambia apige, lakini kwanza apitishe kalamu ya wino juu ya penseli ile, isije ikafutika.